Kopo la Vitambaa Vinane: Mama Veneranda Mihambo Anatuaga

Jumanne ya tarehe 30 Juni 2026, saa tisa na nusu alasiri, Mama Veneranda Mihambo atafunga stoo ya maboksi ya Hifadhi ya Nyaraka ya Unyanyembe, atatikisa kitasa mara tatu kama kawaida yake, kisha atanikabidhi ufunguo. Hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kazi bila kuhama kituo, bila kupoteza boksi hata moja, na bila kumwamini mtu yeyote na ufunguo huo. Katika orodha ya wasioaminiwa, mimi nilikuwa namba moja.

Jarida letu limenipa mimi kazi ya kumwandika kwa sababu mbili. Kwanza, hakuna anayeandika haraka kama mimi katika jengo hili, ingawa shule niliishia kidato cha pili na wenye digrii wapo wamejaa. Pili, mimi ni Mzaramo na yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu halali. Babu zake walishuka na misafara kutoka huku mpaka pwani kwa miguu, mizigo kichwani, wakawakuta babu zangu wamekaa kivulini wanakula. Utani ulianzia hapo na haujaisha. Mtani anaruhusiwa kusema hadharani yale ambayo Mkurugenzi anayafikiria kimyakimya. Asiyeridhika aandike ya kwake.

Mama Veneranda alizaliwa Lusu, wilayani Nzega, mtoto wa nne kati ya saba. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1992 kama karani wa masjala, akapanda kuwa mtunza nyaraka, na tangu 2008 amekuwa Mkuu wa Kitengo cha Maelezo. Kwa wasiojua, hicho ndicho kitengo kinachoandika kila boksi lina nini ndani, ili mtu akija kuuliza asiambiwe aende akapekue mwenyewe. Kitengo kina watu wawili. Mkuu ni yeye. Aliyebaki, hesabu mwenyewe.

Wakongwe wanakumbuka mvua za mwanzoni mwa 1998, paa la stoo lilipoanza kuvuja saa nne asubuhi. Wengine walikimbilia kutafuta ndoo. Mama Veneranda alianza kuhamisha maboksi kwenda ukumbi wa shule ng'ambo ya barabara, na mpaka adhuhuri maboksi mia moja na kumi na mawili yalikuwa yamevuka. Wanasema alikuwa anabeba mawili kichwani na moja kwapani. Mimi sikushangaa niliposimuliwa, maana kazi ya ukoo haifundishwi darasani.

Tabia zake zinajulikana. Amebandika tangazo mlangoni kwamba chakula ni marufuku stoo, kwa herufi nyekundu, na chini yake amekaa yeye na mkoba wenye michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anatafuna taratibu kama panya aliyepewa kibali. Ukimuuliza anajibu kwamba michembe haina mafuta, haichafui karatasi. Mchwa anawaita wageni. "Tumepata wageni rafu ya sita," atasema, na hapo mjue hakuna chai mpaka rafu ya sita ikaguliwe yote.

Na ndani ya droo yake kulikuwa na kopo. Kopo la maziwa ya unga, la zamani, kutu kwenye kifuniko. Sisi wote tuliamini ni la sindano na nyuzi. Mimi niliamini ni la michembe ya akiba, na siku moja nilinyoosha mkono. Alinitazama tu. Nikaurudisha mkono wangu nikiwa bado nautaka.

Kopo hilo tutalirudia, kwa sababu ndilo lililookoa kazi kubwa kuliko zote alizofanya hapa.

Kazi yenyewe ni hii. Nyaraka za njia ya misafara hazikai mahali pamoja. Sisi tunazo, parokia moja kule Nzega inazo, duka la nguo la familia ya Rajnikant hapa mjini linazo, na familia ya Mzee Muntasir Nasor walikuwa na sanduku zima la barua ambalo baba yake alilileta kwetu tulitunze. Kila mmoja aliandika maelezo kwa namna yake. Alois, mtunza nyaraka wa parokia, alipanga kwa mapadri: vya padri mrefu, vya padri mfupi, vya padri aliyeondoka na mbwa. Dada Kruti, mjukuu wa Rajnikant, alikuwa na daftari safi kabisa lililosema kitu kiko kabati la juu nyuma ya makopo ya chai, bila kusema ni kitu gani. Sisi wataalamu tulikuwa na namba tupu zilizoachwa na mzungu mmoja aliyekwenda likizo kabla ya Uhuru asirudi. Mwaka 2016 mwalimu mmoja kutoka Nzega alizunguka siku nne kutafuta ramani ya kambi za wapagazi. Siku ya tano akaikuta parokiani, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake.

Mama Veneranda aliona aibu kuliko mwalimu mwenyewe. Akaanza kuzunguka na wazo lake: fomu moja, vifungu vilevile, watu wote wajaze vilevile, kisha kila mmoja apate nakala ya orodha za wenzake. Mtu akiwa Tabora ajue Nzega kuna nini. Karatasi zibaki kwa wenyewe, yanayochangiwa ni maelezo tu.

Mnaweza kudhani jambo dogo kama hilo linaisha kwa kikao kimoja na soda. Lilichukua miaka tisa. Alois aliandika tarehe kwa matukio, mwaka wa nzige, mwaka wa mvua ya mawe, na akagoma kuweka tarakimu kwa sababu hakutaka kudanganya. Dada Kruti alihoji kwa nini watu wa nje wajue kabati lake lina nini. Mama Veneranda hakupandisha sauti hata siku moja. Alimwambia Alois aandike nzige, na pembeni aandike mwaka anaoukisia, na neno "kisio" liwepo. Alipoulizwa ifanyweje pale ambapo kukisia kwenyewe hakuwezekani, alitoa jibu ambalo sasa limebandikwa ukutani kwetu: "Andikeni hatujui. Hiyo nayo ni habari." Kwa Dada Kruti aliongeza kifungu cha nani aruhusiwe kusoma, na mwenye karatasi ndiye anayekijaza. Dada Kruti akatulia. Akaleta na sambusa, zikaliwa nje ya stoo.

Mapema 2025 fomu ilikuwa imekaribia. Ndipo Mzee Muntasir akaja.

Mzee Muntasir ana miaka themanini na tatu na macho yake yanakwenda yakififia. Alikuja na mjukuu wake, Ruaa, anayesoma herufi za Kiarabu vizuri kwa sababu chuo cha Kurani walimnyoosha. Ombi lake lilikuwa moja. Bibi yake aliyemlea, Bibi Masika, alikuwa na barua alizoandikiwa na mumewe alipokuwa safarini Ujiji na pwani. Mzee alitaka zitolewe sandukuni, Ruaa amsomee, angali anaweza kuuona uso wa msomaji. Zile za bibi yake tu, si za mtu mwingine.

Tukatoa boksi. Maelezo yetu yalisema: Barua za Kiarabu, 1 hadi 61. Ruaa alifungua ya kwanza akasema hiki si Kiarabu, ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hilo la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi. Babu yake Mzee alikuwa na wake wawili, Bibi Masika na mke mwenza, Bibi Zuwena, na aliwaandikia wote. Barua zile zilibebwa mkononi na watu wa msafara, na mwanamume wa heshima hakuandika jina la mkewe lisomwe njia nzima. Zote sitini na moja zinaanza vilevile: kwa mwenye nyumba yangu. Mwenye nyumba yupi, karatasi haisemi.

Mzee Muntasir akaeleza kwamba nyumbani halikuwa tatizo. Kila mke alifunga barua zake kwa kipande cha pindo la kanga yake. Ukiona kitambaa, unajua barua za nani. Akauliza vitambaa viko wapi. Barua zote zilikuwa zimepangwa kwa tarehe, zimefungwa kwa utepe mweupe wa ofisini, safi kama zimetoka dukani.

Mzee akasema, kwa upole uliouma kuliko matusi, kwamba baba yake alileta sanduku litunzwe, na lililotunzwa ni karatasi tu. Akatoa siku kumi na nne. Baada ya hapo angelichukua sanduku lake, na jina la familia yake litoke kwenye fomu. Jioni ile ile Dada Kruti akapiga simu: kama Mzee anatoka, na yeye anatoka. Alois akasema parokia itafikiri, na sisi tunaijua parokia ikianza kufikiri. Miaka tisa ya kazi ilikuwa inaondoka na mzee mmoja na fimbo yake.

Mama Veneranda hakula michembe siku tatu. Mkoba uko pale, haugusi.

Kikao kikaitwa. Mkurugenzi alikuwa ameandaa maelezo mazuri sana kuhusu mabadiliko ya taratibu za kitaalamu katika miaka ya nyuma, yasiyomtaja mtu. Kabla hajafungua karatasi yake, Mama Veneranda akasimama, akamwamkia Mzee Muntasir, akaitikiwa. Kisha akasema:

"Mzee wangu, taratibu hazikufungua barua zako. Mimi ndiye niliyezifungua."

Akaeleza yote. Mwaka 1993 alikuwa na miezi kumi kazini. Alirudi kutoka kozi ya wiki mbili, mikono inamuwasha kupanga vitu. Aliona vitambaa vichafu vimebana karatasi, akavitoa, akapanga barua zote kwa tarehe, akaweka utepe mweupe. Hakuuliza familia kwa nini zilifungwa hivyo, kwa sababu kozi ilisema vumbi ni adui na haikusema kitambaa kinaweza kuwa jina la mtu. Kazi ile ilimpatia barua ya pongezi, ambayo iko kwenye jalada lake mpaka leo. Alisema amefanya kazi miaka thelathini na miwili akiitazama kama shtaka.

Mzee Muntasir akauliza:

"Na vitambaa, mwanangu, ulivitupa?"

"Niliambiwa nivichome. Sikuweza. Nilivitoa tu, Mzee, sikuvitupa."

Akafungua mkoba, akatoa kopo la maziwa ya unga.

Vilikuwa vinane. Hakuwa ameandika chochote kuvihusu, hata mstari mmoja, na hilo nalo alilikiri. Aliviacha bila kuchoma kwa sababu ilikuwa nguo ya mtu, basi, na mama yake kule Lusu asingemwelewa. Akaviweka mezani mbele ya Mzee. Mzee hakuviinamia kuvitazama. Alivishika. Akakipitisha kimoja katikati ya vidole, akakiweka kulia. Cha pili, kulia. Cha tatu kikaenda kushoto. Alipomaliza, kulia vilikuwa vitano na kushoto vitatu. Akasema, sauti imepungua, kwamba alipokuwa mtoto yeye ndiye aliyetumwa kuvuta kitambaa bibi alipotaka barua zisomwe. Vya kulia ni vya Bibi Masika, aliyekuwa mshonaji. Hakuweza kuchana nguo akaiacha ukingo ukining'inia nyuzi. Alikikunja kila kitambaa akakipindia kwa sindano, mishono midogo midogo, ndipo akafunga. Bibi Zuwena alichana, akafunga, akaendelea na shughuli zake.

Hapo ndipo mtani wangu alipopata akili, na nakiri, mimi nisingeipata. Alichukua barua moja akaipeleka dirishani, akaigeuza jua lipige upande. Kwenye mkunjo kulikuwa na mstari wa vinundu vidogo, kama nyayo za mdudu. Mishono ya Bibi Masika ilikuwa imejichapa kwenye karatasi kwa kubanwa miaka mingi. Barua nyingine ilikuwa na mfereji mpana, laini, bila vinundu. Kitambaa cha kuchana.

Tulifanya kazi siku sita dirishani, Mama Veneranda, Ruaa na mimi, asubuhi jua likiwa bado chini. Macho makali kuliko yote yalikuwa yangu, hilo Ruaa anabisha lakini si yeye anayeandika hapa. Barua thelathini na nne zilikuwa za Bibi Masika. Ishirini na tatu za Bibi Zuwena. Nne hazikuonyesha kitu. Mimi nilishauri hizo nne tuzigawe mbili mbili, wake wenza wapate haki sawa. Mama Veneranda alinitazama kama siku ya kopo. Kwenye fomu zimeandikwa: hatujui.

Mzee Muntasir alisomewa barua zake Ijumaa tatu mfululizo, baada ya swala, kwenye chumba chetu cha wasomaji, Mama Veneranda ameketi karibu na mlango. Hazina siri za kifalme. Mume anauliza kama chumvi ya Uvinza imefika. Anaagiza punda mweupe asiazimwe kwa jirani. Katika moja anauliza kama mtoto bado anamkimbia kuku na kulia. Mtoto huyo ni baba yake Mzee Muntasir, mtu ambaye mtaa mzima ulimwogopa, aliyewahi kumchapa Mzee kwa kuogopa mbwa. Mzee alimwambia Ruaa arudie hapo kwenye kuku. Akarudia. Akaomba tena. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na tulipomwokotea tukaona kucheka kumeshageuka kitu kingine, tukatoka nje kidogo.

Mwishoni mwa Novemba 2025 Fomu ya Pamoja ilisainiwa na wote wanne. Ina vifungu saba: nani aliandika, lini, kwa lugha gani na herufi zipi, kiasi gani, nani alitunza kabla yetu, ilifungwaje, na nani aruhusiwe kusoma. Kile cha sita kiliongezwa na Mzee Muntasir mwenyewe, na alisaini wa kwanza, kidole chake kikiongozwa na Ruaa. Sanduku limebaki kwetu. Barua zimefungwa tena kwa vitambaa vyake, safari hii juu ya karatasi ya kinga. Maelezo ya nyuma ya fomu yanasema wazi kwamba mwaka 1993 zilifunguliwa na V. Mihambo, na kwamba mwaka 2025 zilirudishwa na V. Mihambo. Tulimshauri aondoe ile ya kwanza. Akasema bila ya kwanza, ya pili haieleweki.

Leo kuna orodha moja yenye maingizo elfu moja mia nne na kidogo, na tumeshapokea maombi kutoka kwa wengine wanaotaka kujiunga. Yule mwalimu wa Nzega alikuja mwezi Machi kutafuta kitu kingine. Alikipata dakika kumi na moja baadaye, nilimpimia kwa saa yangu, akabaki amesimama hajui afanye nini na siku yake.

Mama Veneranda anakwenda Ntalikwa, kwenye shamba lake la mahindi, karanga na mizinga kumi na miwili ya nyuki. Nyuki wajiandae kuhesabiwa na kuandikiwa maelezo. Tunamshukuru kwa niaba ya wote aliowafundisha, wakiwemo wale waliofundishwa kwa kutazamwa tu.

Limebaki jambo moja, na hapa nasema kama mtani. Kuanzia Jumatano jalada lake la utumishi linaingia stoo kama jalada lingine lolote, na linahitaji fomu. Nimeshaijaza. Nimeandika nani, lini, na kwa lugha gani: Kiswahili, na Kinyamwezi akikasirika. Kifungu cha sita, ilifungwaje, nimekiacha wazi. Kwa hiyo Jumanne, kanga utakayovaa, Mama, tunachukua kipande cha pindo lake. Najua umeniambia ni mpya. Najua pia umetufundisha miaka yote kwamba humu ndani hakikatwi kitu. Ndiyo maana mkasi utaushika wewe, na ukingo utaupindia wewe. Mishono iwe midogo, ibane vizuri, ili hata kitambaa kikipotea mtu aipeleke karatasi dirishani na ajue ilikuwa ya nani.

Kopo tumeshaliosha. Mkoba wa michembe uache mezani. Nenda ukale shamba lako kwa afya na amani, mtani wangu, na simu yako iwe na chaji, maana hatujui tutakwama lini.

Kibwana Mwinshehe
Stoo ya Maboksi